Paka wangu ameziba mkojo mara mbili na akiba imeisha. Nikope tena?

Swali

Shikamoo daktari. Nina paka dume anaitwa Pamba, ana miaka sita, amehasiwa. Mwezi uliopita alishinda akiingia na kutoka kwenye trei ya mchanga, anachuchumaa, analia, hakitoki kitu. Nikadhani amefunga choo, nikasubiri hadi asubuhi. Kufika kliniki nikaambiwa mkojo umeziba na moyo umeanza kwenda kombo. Alilazwa siku tatu, akapona, akiba yangu yote ikaishia pale. Wiki tatu hazijaisha, akaziba tena. Safari hii nimekopa kwa dada yangu. Sasa yuko nyumbani, anakojoa, lakini daktari amesema akiziba mara ya tatu ni upasuaji, na makadirio aliyonipa yanazidi mshahara wangu wa miezi miwili. Mume wangu anasema paka ni paka, tusijitie umaskini. Mama mkwe aliniambia nimpe paracetamol atulie maumivu, sikumpa. Mimi silali. Nikope tena? Na kama nisingesubiri usiku ule, haya yangetokea?

Jibu

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Nianzie mwisho wa barua yako, maana naona hapo ndipo panapokunyima usingizi. Kusubiri kwako usiku ule hakukumziba Pamba. Mrija wa mkojo wa paka dume huanza na upana wa kutosha, kisha hubana kadiri unavyokaribia ncha ya uume, na hapo nchani ndipo mambo hukwama: tope la ute lililochanganyika na fuwele, au kijiwe, au wakati mwingine hakuna kilichokwama ila mrija wenyewe umevimba na misuli yake imejikaza. Hayo yalishaanza kabla hujaona dalili yoyote. Zile saa za kusubiri zilifanya jambo jingine. Mkojo usipotoka figo hushindwa kuchuja, potasiamu hupanda kwenye damu, na ikizidi, moyo hupunguza mapigo hadi husimama. Paka aliyeziba kabisa huingia kwenye hatari ya kufa baada ya kama saa 24 hadi 48. Wewe ulimfikisha akiwa mgonjwa sana, lakini ulimfikisha. Kati ya paka walioziba wanaotibiwa, zaidi ya tisa katika kumi hurudi nyumbani wazima.

Kudhani amefunga choo ni jambo tunalolisikia kwa karibu kila mwenye paka aliyeziba. Mkao ni uleule, mkia uleule, hata kilio hakitofautiani sana. Tofauti ipo kwenye mwendo: aliyefunga choo huenda kwenye mchanga mara chache kwa siku, akakaa, akaondoka, aliyeziba mkojo hurudi kila baada ya dakika chache, hulamba sehemu zake za siri bila kupumzika, na ukigusa tumbo lake la nyuma unakuta kitu kigumu kama limau. Gusa tu, usiminye. Kibofu kilichojaa kiasi hicho kinaweza kupasuka mkononi mwako.

Na hongera kwa kukataa ile paracetamol. Mama mkwe alikuwa na nia njema, kwa hiyo mweleze kwa heshima, ila mweleze aelewe: ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu linavyofanya. Kidonge kimoja cha mtu mzima kinatosha kumuua. Damu inageuka rangi ya kahawia na kushindwa kubeba oksijeni, fizi zinakuwa za kijivu au za kahawia, uso unavimba, na mnyama anakufa kwa kukosa hewa huku anapumua. Ibuprofeni na diklofenaki nazo, kwa mbwa na paka, hutoboa tumbo na kuharibu figo. Dawa za maumivu za wanyama zipo na Pamba anastahili kuzipata, lakini zitoke kwa daktari wake.

Sasa tuje kwenye fedha. Jibu langu fupi ni kwamba usikope chochote kwa ajili ya upasuaji kabla hujajua mambo mawili: je, Pamba ana jiwe? Na je, yale ya kumzuia asizibe tena yamefanyika kweli, au alifunguliwa tu na kurudishwa nyumbani?

Nieleze la kwanza. Upasuaji unaotajwa kwa paka anayeziba mara kwa mara ni ule wa kuondoa sehemu nyembamba ya mrija, pamoja na uume, na kufungua tundu pana zaidi chini ya mkia. Unasaidia sana: kuziba hupungua mno baada yake. Lakini hautibu ugonjwa. Kama kibofu chake kina tabia ya kuvimba, kitaendelea kuvimba, atakojoa damu siku moja moja, na kwa kuwa njia imekuwa fupi na pana, bakteria nao hupata mlango. Tundu lenyewe linaweza kusinyaa kovu likikaza. Na kama tatizo ni mawe yaliyo ndani ya kibofu, basi upasuaji ni mwingine kabisa, wa kufungua kibofu na kuyatoa. Hakuna haja ya kukopa mishahara ya miezi miwili kwa ajili ya operesheni ambayo huenda siyo. Picha moja ya eksirei inayoonyesha kibofu na mrija mzima hadi nchani inajibu sehemu kubwa ya swali hili, na ni sehemu ndogo tu ya gharama ya upasuaji. Pitia karatasi za kliniki ulizopewa. Kama eksirei au altrasaundi haimo, hilo ndilo jambo la kwanza la kulipia. Kama imemo, uliza walichokiona.

La pili ndilo kubwa, na ndilo ninaloshuku kwa Pamba, kwa sababu amerudi kuziba mapema. Wengi wanaorudi hurudi katika wiki na miezi ya mwanzo, wakati mrija bado umevimba kutokana na kuziba kwenyewe na kuingizwa katheta, ule mpira mwembamba wa kutolea mkojo. Muulize daktari: alirudi nyumbani na dawa ya maumivu ya siku ngapi? Alipewa ya kulegeza mrija? Mkojo wake uliangaliwa kwa darubini, na fuwele zilikuwa za aina gani? Fuwele na mawe ya struviti huyeyushwa na chakula maalumu cha mkojo. Yale ya kalsiamu oksaleti hayayeyuki kwa chakula chochote duniani, yanatolewa tu. Na kama ulipewa antibiotiki nyingi bila mkojo kupimwa, sema kwa upole kwamba ungependa kujua sababu. Paka wa umri wa Pamba aliyeziba kwa mara ya kwanza ni nadra kuwa na bakteria. Baada ya katheta ni jambo jingine, wanaweza kuingia, lakini hapo kipimo ndicho kiseme.

Chanzo kinachoongoza kwa paka wa miaka yake ni kibofu kuvimba bila mdudu wala jiwe, na kinachokichokoza mara nyingi ni msongo. Watu hucheka nikisema paka ana msongo. Paka hufurahia siku inayofanana na jana: mgeni nyumbani, paka mwingine anayemkodolea macho dirishani, trei iliyohamishwa karibu na mashine ya kufulia, mtoto aliyezaliwa, fundi anayegonga wiki nzima. Kwake kila kimoja ni tukio. Na haya, mwanangu, ni matibabu yasiyohitaji mkopo. Mwongezee trei: moja kwa kila paka, na moja ya ziada, katika sehemu tofauti zilizotulia, zisafishwe kila siku. Mpe chakula chenye majimaji badala ya kikavu, na ongeza maji kidogo juu yake hadi kiwe kama uji mzito. Weka bakuli za maji zaidi ya moja, mbali na chakula na mbali na mchanga. Mpe mahali pa juu pa kukaa na pa kujificha, na dakika chache za kucheza naye kila siku. Mkojo mwepesi na mwingi ndio mlinzi wake mkuu. Sikuahidi kwamba hataziba. Ninachosema ni kwamba kama haya hayajafanyika, bado hujafika mahali pa kusema kimebaki kisu tu.

Lakini tuseme yamefanyika, na usiku mmoja mwezi ujao anaziba tena. Hapo ndipo ninapotaka uwe umejiandaa kwa jambo ambalo wenye wanyama wengi hulikimbia: kutaja kiasi ulicho nacho, mapema, kabla daktari hajaanza kuorodhesha vipimo.

Sisi madaktari wa wanyama tuna kasoro yetu katika hili. Tunapenda kumwekea mtu mpango uliokamilika, kila kipimo, kila siku ya kulazwa, kwa sababu ndio tuliofundishwa darasani na kwa sababu hatutaki kesho tuambiwe tulibana. Mwenye mnyama naye anaona aibu kusema hana, anaogopa kuonekana hampendi mnyama wake, basi anatikisa kichwa kukubali kila kitu, na fedha inamwishia katikati ya matibabu, mahali pabaya kuliko pote. Nimeona paka aliyefanyiwa vipimo vyote vya siku ya kwanza kisha akaondolewa dripu siku ya pili kwa kukosa malipo. Kiasi kilekile, kingepangwa tangu mwanzo, kingemvusha siku zote tatu kwa vipimo vichache.

Kwa hiyo, unapofika mapokezi, au hata kwenye simu ukiwa njiani, sema hivi bila kuomba radhi: "Nina kiasi hiki, na siwezi kuzidi hapo. Niambieni kinachoweza kufanyika ndani yake." Kwa daktari hiyo ni taarifa ya kitabibu kama ilivyo joto la mwili au mapigo ya moyo. Anapangia matibabu juu yake.

Ukipewa karatasi ya makadirio, usiitazame jumla peke yake. Huwa ina tarakimu mbili, ya chini na ya juu. Jiandae kwa ile ya juu. Kisha pita mstari kwa mstari. Kwa paka aliyeziba utakuta kumwona daktari, damu, pengine kipimo cha moyo, dawa ya usingizi, katheta, dripu, kulazwa kwa usiku, dawa za maumivu, damu tena, mkojo, picha. Kwa kila mstari uliza swali moja: hiki kikiondolewa leo, anaweza kufa au kuumia? Kipimo cha potasiamu usikiguse, kwa sababu ndicho kinachoamua kama anaweza kupewa dawa ya usingizi salama au moyo utulizwe kwanza kwa kalsiamu. Dripu usiiguse, maana paka akishafunguliwa hukojoa mkojo mwingi ajabu kwa siku moja au mbili na anaweza kukauka. Dawa ya maumivu usiiguse kabisa. Ila kurudia damu nzima kila baada ya saa kadhaa, wakati kilichokuwa kibaya ni potasiamu na figo tu, panaweza kupunguzwa hadi hizo mbili. Kuotesha mkojo maabara ili kutafuta bakteria kunaweza kungoja. Altrasaundi inaweza kungoja kama eksirei imeshasema. Na saini karatasi yenye sharti lililoandikwa: "Nipigieni kabla gharama haijavuka kiasi hiki, saa yoyote." Kliniki nzuri haitakasirika.

Kwenye fomu hiyo kunaweza kuwa na swali la kama moyo ukisimama wajaribu kumrudisha. Watu huweka alama ya ndiyo huku wanalia. Moyo ukisimama kwa sababu mwili umeshindwa na ugonjwa, wanaorudishwa hadi kufika nyumbani ni wachache mno, hawafiki mmoja katika kumi. Ukisimama ghafla kwa sababu ya dawa ya usingizi, nafasi ni kubwa zaidi. Unaruhusiwa kujibu ndiyo kwa hali moja na hapana kwa nyingine.

Kuna jingine la kuulizia, na wengi hawajui kwamba lipo. Mwaka 2010 madaktari nchini Marekani walichapisha matokeo ya paka 15 walioziba ambao wenye nao hawakumudu matibabu ya kawaida. Hawakuwekewa katheta. Walipewa dawa za maumivu na za kutuliza, kibofu kikanyonywa kwa sindano kupitia tumboni kila kilipojaa, wakawekwa mahali patulivu penye giza, na kusubiriwa hadi siku tatu. Paka 11 kati ya 15 walianza kukojoa wenyewe. Paka waliokuwa hoi, au wenye mawe, hawakuingizwa, na njia hii haifikii ile ya kawaida kwa uhakika. Lakini mtu anapokwambia ni mpango kamili au kumlaza usingizi wa milele, ujue katikati kuna ngazi nyingine, na si dhambi kuiulizia.

Kwa wanaosoma hapa wenye mbwa, mambo ni hayohayo. Mtoto wa mbwa mwenye parvo, anayetapika na kuharisha damu, hutibiwa vizuri zaidi akiwa amelazwa na dripu. Hata hivyo utafiti wa mwaka 2017 uliogawa mbwa 40 katika makundi mawili ulionyesha kwamba waliolazwa walipona 90 kwa 100, na waliotibiwa kwa mpango mwepesi, yaani kutulizwa kwanza kwa maji ya mshipani, kisha maji chini ya ngozi, dawa ya kuzuia kutapika kila siku na antibiotiki ya sindano, walipona 80 kwa 100. Tofauti ipo, lakini angalia ilivyo ndogo ukilinganisha na kuachwa bila matibabu, ambapo wengi hufa. Upande mwingine kuna magonjwa yasiyo na njia ya bei nafuu. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu ambaye tumbo limejaa hewa na kujipinda, anayejikakamua kutapika na hatoi kitu, ana saa chache tu: ni upasuaji au ni kumpumzisha. Mbwa jike ambaye hajafungwa uzazi na mfuko wake wa uzazi umejaa usaha wiki chache baada ya kupata joto, tiba yake ya kuaminika ni kuutoa. Hapo kupunguza vipimo hakuleti tofauti kubwa, na daktari mkweli atakwambia hivyo.

Nimjibu na mume wako, kwa sababu anasema jambo ambalo wengi hulifikiri kimya kimya. Hana roho mbaya. Anaona kodi ya nyumba, ada, na deni la dada yako. Mazungumzo yenu yakiendelea kuwa "paka ni paka" dhidi ya "wewe huna huruma", hamtafika popote, na yatafanyika saa saba za usiku mbele ya mlango wa kliniki, wakati mbaya kupita wote. Kaeni wiki hii Pamba akiwa mzima. Swali la kujibu ni moja: kama ataziba tena, ni kiasi gani kinaweza kutoka nyumbani kwetu bila kugusa kodi, ada wala chakula, na bila kukopa mahali penye riba ya kukaba? Andikeni tarakimu hiyo. Ikiwa ni ndogo, iwe ndogo. Wewe utakuwa na kitu cha kumwambia daktari, na yeye atajua kwamba hakuna shimo lisilo na mwisho.

Kuhusu mkopo wenyewe, maoni yangu ni haya. Kukopa kwa ndugu asiyedai riba, kwa matibabu yanayotazamiwa kumaliza tatizo, naelewa. Kukopa kwa mkopeshaji wa riba ya kila wiki, kwa upasuaji ambao bado hujui kama ndio unaotakiwa, sishauri hata kidogo. Kabla ya kufika huko uliza kliniki kama wanapokea malipo kwa awamu; wengine hukubali ukiweka kianzio. Uliza hospitali ya kufundishia ya chuo cha udaktari wa wanyama, kama ipo unapoweza kufika: upasuaji wa aina hii mara nyingine hufanyika kwa gharama ya chini, wanafunzi wakisaidia chini ya usimamizi wa bingwa. Uliza vyama vya kutetea wanyama. Na kama marafiki watachanga, walipe moja kwa moja kliniki. Wachangiaji huamini zaidi hivyo. Bima ya wanyama haitakusaidia kwa tatizo hili, kwani huwa hailipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Hiyo ni ya mnyama ajaye, akatiwe bima akiwa mdogo na mzima.

Unaweza pia kujiuliza kwa nini bili ya paka inazidi hata ile uliyolipa ulipolazwa wewe. Mara nyingi ni kwa sababu yako iligawanywa: bima ilichukua sehemu, au serikali, na wewe ukaona kipande. Ya Pamba unaiona nzima. Kile kijumba kidogo cha kliniki kina maabara yake, eksirei yake, chumba cha upasuaji, duka la dawa na mtu anayekesha. Hilo halikupunguzii senti moja, najua, ila linapunguza hisia ya kuibiwa, na hisia hiyo huwafanya watu wahamehame kliniki na kulipia vipimo vilevile mara mbili. Usifanye hivyo. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, na una haki nayo, chukua nakala ya majibu yote uende nayo.

Limebaki lile ambalo hukuliuliza lakini limo ndani ya barua yako. Kama Pamba ataziba tena, na kiasi mlichoandika hakitoshi hata kwa ile njia ya katikati, basi kumpumzisha ni uamuzi halali wa kitabibu. Ambacho si halali ni kumrudisha nyumbani akiwa ameziba "tuone kesho". Kifo cha kuziba mkojo ni cha maumivu makali yanayoendelea kwa saa nyingi, akitapika, akilegea, akipoa mwili. Mbele ya hilo, sindano ni upole. Kwa kawaida hupewa kwanza dawa ya kumtuliza, anasinzia mikononi mwako kama utapenda kuwepo, kisha dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa huingizwa mshipani. Fahamu huondoka kwa sekunde chache na moyo husimama dakika moja au mbili baadaye. Macho hayafungi. Anaweza kuvuta pumzi moja mbili baada ya moyo kusimama, au kukojoa. Hayo ni mwili kujiendea wenyewe na misuli kulegea, yeye hayupo tena. Nakwambia ili yasikutishe. Na kabla ya kufika huko uliza kama kuna mtu au chama kinachoweza kumpokea na kumgharamia. Kumkabidhi kwa mwingine ili aishi ni jambo gumu, lakini lipo.

Daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo cha kuwasaidia wenye wanyama wagonjwa kuamua. Hutazama mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kwa ugonjwa wa ghafla kama huu si chombo kamili, kwa sababu Pamba kati ya kuziba na kuziba ni mzima kabisa. Lakini jaza sasa hivi, ukiwa umetulia. Utashangaa atakavyopata alama za juu, na utaelewa kwa nini daktari wako hajataja sindano bali upasuaji: huyu ni paka mwenye tatizo la bomba, si paka anayekufa.

Kwa hiyo wiki hii fanya haya. Kesho piga simu kliniki uulize kuhusu picha, aina ya fuwele, na dawa alizorudi nazo. Badilisha chakula taratibu kwa siku kadhaa, asije akakisusa, maana paka aliyesusa kula siku mbili tatu huingia kwenye tatizo jingine la ini. Panga trei. Kila ukisafisha mchanga hesabu mabonge ya mkojo na uangalie ukubwa wake. Ukizoea idadi yake ya kawaida, upungufu utauona kabla hajaanza kulia. Akienda kwenye mchanga mara tatu mfululizo bila bonge, usisubiri asubuhi wala usimpe chochote, nenda. Andika namba ya kliniki inayofungua usiku na ujue njia ya kufika.

Majibu ya eksirei yakipatikana niandikie tena. Kama ni mawe, mengi niliyosema kuhusu ule upasuaji wa chini ya mkia hayatamhusu, na hesabu ya fedha itabadilika.